Wachambuzi kumi na moja, kadi za kura mbili

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama we ni mkubwa kwangu, kama sio basi habari za kazi. Mi ni mama lishe hapa Tabata Kimanga, naandika kwa simu usiku huu wa Jumatano Machi 19, 2025 baada ya kuosha masufuria kwa iyo ukikuta herufi zimerukana nisahihishie tu, ila maneno usinikatie, na naomba sana barua itoke kabla ya Jumapili maana ikitoka Jumatatu itakua sawa na kumpelekea mgonjwa dawa siku ya arobaini yake.

Kawaida yangu nauza chai na supu asubuhi lakini mwaka huu Ramadhani na Kwaresma zimegongana, asubuhi benchi jeupe kabisa, kwa iyo nimehamia kwenye futari. Mihogo ya nazi, magimbi, maharage, tambi, uji wa pilipili manga. Watu wakishafuturu wengine wanaenda kuswali wengine wanabaki, na wale wa Kwaresma nao humo humo kwenye mihogo hawajambo, alafu wa kuswali wakirudi toka msikitini ndo kijiwe kinaanza rasmi mpaka saa tano, na toka mwezi uandame kinachoongelewa ni kimoja tu, uchaguzi wa Oktoba. Nani atagombea, nani atakatwa jina, nani kahama chama, mabadiliko ya sheria yametosha au hayajatosha. Mi nasikiliza huku napakua. Nikuambie ukweli Mhariri, wale watu wanajua mambo, sio watu wa kudharau, kuna siku nawasikia najiuliza kwanini hawapo kwenye tivii.

Kuna kaka mmoja tunamuita Profesa, anauza spea za pikipiki hapo jirani. Novemba mwaka jana Trump na Kamala Harris walivokua wanagombea, Profesa alikua anafika hapa asubuhi macho mekundu hajalala, anadai chai ya rangi kali alafu anaanza kutufundisha kwamba kule Marekani hawaangalii jumla ya kura tu kama sisi, kuna wajumbe wa kumchagua rais, anayefikisha 270 ndo kachukua, na jimbo la Pennsylvania peke yake lina wajumbe 19 ndo mana wote wawili walikua hawatoki huko. Mpaka na mimi nikawa naijua Pennsylvania, mi ambaye Kibiti naisikia tu.

Kenya 2022 ndo usiseme kabisa. Tume yao ya uchaguzi iliweka zile fomu 34A, za matokeo ya kila kituo, kwenye mtandao, vituo zaidi ya elfu 46, na vijana wangu wa bodaboda wakawa wanakaa hapa wameinamia simu wanajumlisha, mmoja anasoma mwingine anabonyeza kikokotoleo, abiria anapiga honi ya mdomo pale stendi hakuna anayenyanyuka. Bando wanaweka la kwao. Ruto alivotangazwa na asilimia 50.49 na Raila 48.85 kuna mtu hapa alisusa kula mchana mzima, mtu wa Iringa huyo, Kenya hajawahi kukanyaga.

Na mwaka huu Januari, ule uchaguzi wa ndani wa mwenyekiti wa Chadema pale Mlimani City. Mhariri ile usiku nani alilala Dar? Sio wanachama tu, hata makada wa CCM wa mtaani kwetu walikua wanachungulia. Kulivyokucha tukaambiwa Lissu 513, Mbowe 482, na yule mgombea wa tatu kura moja. Profesa siku iyo iyo akapiga hesabu kwenye karatasi ya kufungia vitumbua, akasema tofauti ni kura 31, maana yake wangegeuka watu 16 tu matokeo yanageuka. Watu 16! Hao hawajazi hata kipanya kimoja cha zamani na konda kaning'inia mlangoni. Kijiwe kizima kikashika vichwa, eti kumbe mtu mmoja mmoja ana uzito ivo. Mi nikakaa nalo ilo neno.

Sasa juzi Jumatatu Tume ya Uchaguzi imeanza kuboresha daftari la wapiga kura hapa Dar, siku saba, Machi 17 mpaka 23. Jumatatu jioni nikasubiri nisikie nani kaenda. Kimya. Wakaongelea Tume yenyewe, jina jipya na jina la zamani, wajumbe wanateuliwa na nani, yani Tume ilichambuliwa kuanzia ukucha mpaka utosi, lakini kwamba Tume iyo iyo imeweka meza mita mia mbili kutoka tulipokaa hakuna aliyegusia.

Jana jumanne nikafanya kitu. Tambi zilikua zimebaki kwenye sufuria, nikasema jamani leo bakuli la tambi la bure kwa yeyote atakayenionyesha kichinjio chake. Kama kuna msomaji mgeni, kichinjio ni kadi ya mpiga kura, jina la mtaani tangu kipindi kile cha 2015. Walikuepo watu kumi na moja, niliwahesabu kwa vikombe. Wakaanza kupapasa mifuko, mwingine anasema ipo nyumbani, mwingine ipo kwa mama Singida, mwingine aliiacha dhamana kwa mtu anamdai elfu arobaini na hajui kama yule mtu bado yupo mjini, mwingine akacheka tu. Kadi zilizotoka mezani zilikua mbili. Moja ya mzee mmoja mstaafu wa bandarini, imefungwa kwenye nailoni kama hati ya kiwanja. Ya pili ya kijana wa bodaboda, nikaipokea nikaisogeza kwenye taa nikaisoma, kituo kipo Sengerema, Mwanza huko. Nikamuuliza mdogo wangu Oktoba utapanda basi kwenda Sengerema? Akasema mama Zuu we nipe tambi zangu, umesema kuonyesha tu hukusema ya wapi. Nikampa, haki yake.

Kwa iyo hesabu ndo iyo. Wachambuzi kumi na moja, mwenye uwezo wa kupiga kura hapa Tabata ni mmoja, na huyo mmoja ndo huwa haongei, anasikiliza tu anasema "ehee".

Kabla sijawasema sana wenzangu nijiseme na mimi. Mi nimezaliwa 1979, toka nifikishe umri nimepiga kura mara mbili tu. 2005, ile iliyosogezwa kutoka Oktoba 30 mpaka Desemba 14 kwa sababu mgombea mwenza wa Chadema alifariki, na 2015. Mwaka 2000 sikuwa hata na habari. 2010 ilikua Jumapili nikasema nifue kwanza, nikafua, nikaanika, nikapika, nikakaa chini nikasikiliza redio mpaka usiku wa manane nataka kujua matokeo. Matokeo nayataka kweli kweli, ila kwenda sikuenda, na wala sikuona kama kuna kitu kimepungua. 2020 nilikua na kadi lakini nilijiandikisha Tandika nilikokua napanga zamani, nikasema nikimaliza wateja wa mchana nachomoka, si unajua kutoka Tabata mpaka Tandika, nafika vituo vimefungwa saa kumi. Nikarudi na hasira, na jioni nikaongea kuliko wote.

Ndo mana nasema huu ugonjwa naujua kwa ndani. Mtu akisikia takwimu za watu wasiopiga kura anadhani ni watu hawajali, wamelala, wanawaza mpira. Mpira wanauwaza ni kweli, ile dabi ya Simba na Yanga ya Machi 8 ambayo haikuchezwa imetutafuna wiki nzima. Ila wengi nnaowajua mimi wanajali mpaka inawauma. Shida ni kwamba kuongea kunashibisha. Ukishabishana masaa matatu, umeshinda hoja, umemnyamazisha mwenzio, watu wamekugongea mikono, mwili unapokea taarifa kwamba kazi imefanyika. Ukienda kulala unajisikia raia kamili. Kadi ya nini tena?

Alafu kuna hili la kadi yenyewe, naomba nilikalie kidogo maana sijaona mtu analisema. 2015 watu walijaa kwenye foleni za ile mashine ya alama za vidole, nakumbuka Tandika tulishinda na watoto mgongoni. Lakini wengi tulifata kitambulisho. Kipindi kile kadi ya NIDA, yani kitambulisho cha taifa, kuipata ilikua mtihani, kichinjio ndo kilikua kitambulisho cha masikini, ukienda kusajili laini, kufungua akaunti, kumdhamini ndugu polisi, kupokea hela kwa wakala, kote kilipokelewa. Kura yenyewe ilikua nyongeza. Sasa ilivyofika 2020 laini zikawa lazima zisajiliwe kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na siku hizi kila mahali wanadai namba ya NIDA, kichinjio kikabaki na kazi moja tu ile iliyokileta duniani. Na watu wakaacha kukitafuta. Hapo ndo unajua nani alikua anataka nini.

Sababu ya pili ni kuhama. Jiji hili nusu yetu wapangaji. Kodi ya miezi sita ikiisha mwenye nyumba anakuambia anataka kukarabati, kumbe anataka kupandisha, unabeba godoro unaenda Kinyerezi, mwaka unaofuata Chanika, mwaka unaofuata umerudi Buguruni. Godoro linahama, sufuria zinahama, jina kwenye daftari linabaki kule kule. Na sheria inataka upige kura pale ulipojiandikisha. Kwa iyo mtu ana kadi halali kabisa, hai, picha yake mwenyewe, ila haimsaidii kitu kama yule wa Sengerema. Dawa ya iyo ndo hii wiki, unaenda na kadi yako ya zamani wanahamisha taarifa zako unapewa nyingine. Na kama imepotea au imeharibika unapewa nyingine vile vile. Hakuna hela. Wameweka mpaka mfumo wa kuanzia kwenye simu, unajaza taarifa zako alafu unaenda kituoni kumalizia. Hao waliojumlisha fomu za Kenya vituo elfu 46 ndo wanashindwa kujaza yao moja.

Profesa mwenyewe ndo alinipa hesabu zifuatazo, mwaka jana, bila kujua anajichongea. 2010 walioandikishwa walikua milioni 20 na kidogo, waliopiga milioni 8.6. Kikwete akashinda kwa kura milioni 5.27, Dokta Slaa akapata milioni 2.27. Sasa toa uone waliobaki nyumbani, milioni 11 na nusu. Chama cha Waliobaki Nyumbani kingesimamisha mgombea kingempiga Kikwete mara mbili. 2015 tulichangamka, waliojiandikisha milioni 23.1 na waliopiga milioni 15.5, Magufuli milioni 8.88 na Lowassa milioni 6.07. Tofauti yao milioni 2.8, waliokaa nyumbani milioni 7 na nusu. 2020 waliojiandikisha wakawa milioni 29.7, waliopiga milioni 15, yani daftari limenenepa ila foleni imebaki ile ile, hata imepungua kidogo. Na hao ni waliojiandikisha, kuna wale kama Profesa ambao hata kwenye kutokupiga hawahesabiki.

Najua nitajibiwa. Nitaambiwa mama Zuu unapika tambi hujui siasa, hizo kura zenyewe unaamini zinahesabiwa? Novemba mwaka jana kwenye serikali za mitaa wagombea wa upinzani walienguliwa kila kona, CCM ikatangazwa imechukua zaidi ya asilimia 98 ya viti, sasa nikapange foleni ya nini? Mhariri mi sina jibu la mkato kwa huyo mtu na sitaki kujifanya ninalo. Simuoni kichaa wala mvivu. Na wale wanaosema hakuna uchaguzi bila mabadiliko, wanasema makusudi, hadharani, na wanalipia gharama ya kusema, mi na hao sina ugomvi. Huko ni kususa, na kususa ni kazi kama kazi nyingine, inataka mtu ajulikane kasusa nini. Ila mpangaji mwenzangu ambaye hajawahi kuwa na jina kwenye daftari toka azaliwe, akaja kuniambia amesusa, huyo nitamuuliza umesusa pilau gani wakati hujapakuliwa? Kanga yangu moja imeandikwa ukisusa wenzio twala, naivaa siku za uchaguzi kwa makusudi kabisa. Chukua kadi kwanza, weka ndani, Oktoba ikifika kama roho inakukataza baki nayo nyumbani, angalau itakua umeamua wewe na sio daftari limekuamulia.

Na ilo la serikali za mitaa lina vichekesho vyake. Mwezi wa pili Profesa alitaka mkopo benki, wakamwambia alete barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Akaja kwangu saa nne asubuhi ananiuliza kwa sauti ya chini, dada ivi mwenyekiti wetu wa mtaa ni nani? Profesa! Mtu wa Pennsylvania! Nikamwambia ofisi ile pale ina bendera, nenda. Akaenda akaambiwa mwenyekiti katoka, akarudi kesho yake, akaambiwa mjumbe wake ni nani amtambulishe, hamjui, alafu jioni akaja kutuhutubia kwamba viongozi wa mitaa ni miungu watu. Inawezekana ni kweli. Lakini Oktoba mwaka jana kulikua na siku kumi za kujiandikisha kwa ajili yao, tarehe 11 mpaka 20, na lile ni daftari lingine tofauti na hili la Tume, halikudai kadi ya aina yoyote, unatakiwa uwe mkazi na umefika miaka 18 basi, unataja jina unaandikwa. Watu wengi walichanganya, wakasema mi nina kichinjio cha 2015 inatosha, wakakaa nyumbani. Na wengine kama Profesa siku zile kumi walikua Georgia na Michigan kwa njia ya simu. Muhuri wa mtaa ndo ukaja kuwakumbusha wanaishi wapi.

Nina kaka yangu yupo Muscat mwaka wa nane sasa, anapiga simu kila wiki kuulizia hali ya siasa, ananipangia mpaka nimchague nani, anapandisha sauti. Huyo namvumilia. Mtanzania aliye nje hana kituo cha kupigia kura, sheria haijamuwekea, kwa iyo akiongea mpaka kesho mi namuachia aongee, ndicho alichobakiwa nacho. Wa hapa Kimanga sijui nimuweke kundi gani.

Leo asubuhi nimeenda. Nimeenda na binti yangu Zuu, kamaliza form four mwaka jana, kazaliwa mwezi wa sita 2007. Kwenye foleni dada mmoja akasema huyo mtoto bado hajafika kumi na nane mnapoteza muda, nikamwambia atakuwa amefika siku ya uchaguzi na hicho ndicho kinachoangaliwa, mwandishi wa kituo akaitikia kweli mama, na yule dada akapiga simu hapo hapo kumuita mdogo wake. Mbele yetu walikua watu saba, sikudanganyi, saba. Wakamchukua Zuu picha, vidole, sahihi, hajawahi kuwa na sahihi mtoto wa watu akaandika jina zima kwa herufi za kuunganisha kama ubaoni, kadi ikatoka ya moto. Mimi wakaniuliza kadi ya zamani, nikatoa ile ya Tandika, wakabadilisha. Njiani Zuu anaitazama picha yake anasema nimetoka vibaya, nikamwambia hii picha hakuna aliyewahi kutoka vizuri.

Nikamkumbuka marehemu mama yangu. 1995, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, mi nina miaka kumi na sita tunakaa Tandika. Siku ya kura Dar es Salaam ilivurugika, vifaa vilichelewa, vituo vingine havikufunguliwa, mama alikaa kwenye foleni toka alfajiri mpaka giza anarudi kanga imejaa vumbi. Alafu ikatangazwa kura za Dar zote zimefutwa, majimbo yote saba, tunarudia Novemba 19. Baba akasema nani ana muda huo, kwanza vyama vya upinzani vimejitoa. Mama hakujibu kitu. Novemba 19 alfajiri akachota maji, akaacha uji umefunikwa kawa, akaenda tena. Alimpigia nani hatukuwahi kujua na tulimuuliza mpaka anaugua. Ila mama yangu huwezi kumkuta kijiweni anaongelea siasa hata siku moja, na redio alikua anazima taarifa ya habari ikianza, anasema inamchanganya.

Sasa Mhariri nina maombi na wewe pia usinikasirikie. Hilo gazeti lako nalifungia maandazi kila siku kwa iyo nalisoma kuliko wanaolinunua. Ukurasa wa mbele umeweka dabi siku ngapi mfululizo? Kanuni za ligi tumezijua mpaka namba zake. Tangazo la daftari nimelikuta ndani huko, maandishi kama ya dawa za mende, limebanwa na tangazo la mnada wa magari. Kwangu mimi uchaguzi wa mtu wa Dar unaamuliwa wiki hii ya Machi kuliko iyo siku ya Oktoba, maana Oktoba ukiwa huna jina hata ukija na jeshi hupigi. Weka mbele basi, siku hizi zilizobaki, kwa wino mwekundu kama unavyowekaga usajili wa Simba na Yanga. Andika vituo vinafunguliwa saa mbili asubuhi vinafungwa saa kumi na mbili jioni. Andika waliohama, waliopoteza, wanaotimiza 18 kabla ya uchaguzi. Watu wanaoleta gazeti hapa kijiweni wataona, na wakiona mmoja wamebishana wote.

Na Tume nao wanisikie. Saa kumi na mbili jioni ndo mtu wa Dar anaanza kurudi nyumbani. Mama wa genge, dereva wa daladala, kijana wa mjengo Goba anayetoka hapa saa kumi na moja alfajiri, huyo kituo anakiacha kimefungwa na anakikuta kimefungwa, na mwezi huu wa mfungo ndo kabisa kila mtu anakimbilia futari. Hizo mashine zao ni za kubeba. Mbona wa laini za simu wanakaa na mwamvuli stendi mpaka saa mbili usiku, wanakukamata mkono kabisa, dada njoo usajili? Wakae hata siku mbili pale stendi au sokoni jioni, waone. Mi benchi nitawapa, na uji.

Leo jioni Profesa kafuturu, kamaliza, kajifuta mdomo. Nikamuwekea kadi yangu na ya Zuu mbele ya sahani. Huyu ni mtu wa 1981, kapitwa na chaguzi tano mkononi, hajawahi kuona karatasi ya kura ikoje zaidi ya kwenye picha. Akaziangalia sana. Akaniuliza foleni ilikua ndefu? Nikamwambia watu saba. Akasema basi kesho nikifungua duka nikipata mtu wa kumuachia nitaenda, alafu akageukia wenzie akaanza kuwaeleza kwanini anadhani idadi ya walioandikishwa Dar itakua ndogo mwaka huu.

Nimeshawatangazia. Kuanzia Jumatatu anayetaka kuongelea uchaguzi kwenye mabenchi yangu aweke kadi mezani kwanza, asiyenayo aongelee dabi. Profesa kasema huo ni udikteta na kwamba atalipeleka suala hili kwenye kijiwe cha kahawa cha jirani. Nimemwambia aende, ila deni la mihogo la wiki iliyopita aliache hapa.

Mama Zuu,
Tabata Kimanga, Dar es Salaam